Kushindana kwa Maneno Bila Kuvunja Udugu

Njia kuu itokayo Mbeya kwenda Iringa hupita katika uwanda wa Usangu, nchi ya mashamba ya mpunga, na kabla ya kupanda nchi ya Wabena hufika Igawa, mahali pa mto Mbarali. Upande wa Mbeya iko Chimala, yenye hospitali ya misioni ya Makanisa ya Kristo. Upande wa pili, katika nchi iliyokuwa ya mkoa wa Iringa hata mwaka 2012, na sasa ni mkoa wa Njombe, iko Ilembula, yenye hospitali ya Walutheri. Mgonjwa wa Igawa aweza kupelekwa huku au kule, na katika hospitali zote mbili malaria ni malaria, na dawa yake ni ile ile.

Lakini mtu akiwauliza wahubiri wa pande hizi mbili kama yafaa mtoto mchanga abatizwe, atapata majibu mawili yasiyopatana. Walutheri husema yafaa, maana neema ya Mungu humfikia mtoto kabla hajaweza kutamka neno. Makanisa ya Kristo husema haifai, maana ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini mwenyewe, naye hana budi kuzamishwa majini mwili wote. Hapa hapana jibu la kati. Mtoto hubatizwa, au habatizwi.

Wala hitilafu hii si ya ubatizo tu. Katika vijiji vya Usangu na vya milima iliyo jirani wako Wamoravia, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na wengine, nao hawasemi neno moja juu ya Karamu ya Bwana, wala juu ya kazi ya askofu, wala juu ya karama za Roho. Watoto wao huketi dawati moja na kuchota maji mahali pamoja. Yapasa basi kuulizwa: Wakristo wasiopatana katika mafundisho wakaeje pamoja? Wengine hujibu kwamba kila mtu akae upande wake, anyamaze. Wengine hujibu kwamba mafundisho si kitu, yaachwe. Majibu yote mawili ni mabaya, na historia ya nchi hii yenyewe yaonyesha sababu.

Mwaka 1891 misioni mbili za Wajerumani zilifika kaskazini ya ziwa Nyasa, zikiwa zimepita njia ya mito ya Zambezi na Shire. Moja ilikuwa ya Walutheri wa Berlin, na kiongozi wao alikuwa Alexander Merensky. Ya pili ilikuwa ya Wamoravia wa Herrnhut, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Theodor Meyer. Hao ndio waliojenga kituo cha Rungwe. Misioni hizi zilijua kwamba mafundisho na desturi zao si sawasawa kabisa. Basi zikapatana kugawana nchi: Wamoravia wafanye kazi upande wa magharibi, na Walutheri upande wa mashariki, wala mmoja asiingie katika shamba la mwenzake.

Mapatano haya yalikuwa na faida yake. Wageni wawili wa taifa moja wasingekuja kugombana mbele ya wenyeji ambao hawajasikia bado habari yenyewe. Mtu wa Rungwe hakuona walimu wawili wakivutana kwa ajili ya roho yake kama wachuuzi wanaogombea mnunuzi sokoni. Hilo lilikuwa jema, na wale wazee wastahili kusifiwa.

Lakini mapatano yalikuwa na upungufu mkubwa. Mpaka wa ardhi hauwezi kukata shauri la moyo. Mtu wa magharibi alikuwa Mmoravia, na mtu wa mashariki alikuwa Mlutheri, si kwa sababu kila mmoja amepima mafundisho akachagua, bali kwa sababu ya mahali iliposimama nyumba ya mama yake. Hakuulizwa aamini lipi; ng'ambo aliyozaliwa ilimjibia. Na yale ambayo misioni hizi zilihitilafiana hayakutatuliwa. Yaliwekwa kando tu, kama mzigo uliofichwa nyuma ya mlango.

Tena mpaka haukudumu. Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano yale. Wabenediktini walikuja nchi ya Iringa wakajenga Tosamaganga kabla ya mwaka 1900, na baina yao na Walutheri wa Berlin yalikuwapo mashindano ya kupata vijiji na shule. Kisha ikaja vita kuu ya 1914 hata 1918. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Wapresbiteri wa Scotland kutoka Livingstonia, ng'ambo ya ziwa, wakaja kuyatunza makanisa ya Wamoravia na ya Walutheri yaliyokuwa karibu nao, hata Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Huko Iringa mapadre wa Konsolata kutoka Italia walishika mahali pa Wabenediktini. Mkristo mmoja aweza kuwa alibatizwa na Mmoravia, akafundishwa na Mpresbiteri, akazikwa na Mmoravia tena. Mpaka uliochorwa na watu wa Ulaya ukafutwa na vita ya watu wa Ulaya.

Yaliyosalia yalimalizwa na miguu ya watu. Wakulima walishuka kutoka milimani kulima mpunga katika Usangu. Wafanya biashara walifuata barabara. Vijana walioa mbali na kwao. Leo katika Igawa hakuna mtu awezaye kusema kwamba upande huu ni wa kanisa hili tu. Nyumba moja yaweza kuwa na baba Mlutheri, mama Mmoravia, na kijana wa kwanza aliyeokoka kwa Wapentekoste.

Hapo ndipo hasara ya kunyamaza ionekanapo. Wahenga walisema, Msema pweke hashindwi. Mwalimu akaaye peke yake nyuma ya mpaka aweza kusema lo lote juu ya watu wa ng'ambo, wala hapana wa kumsahihisha. Aweza kusema Wakatoliki huabudu sanamu, na mwenzake wa Kikatoliki aweza kusema Waprotestanti humdharau Mama wa Yesu. Watoto huyashika maneno hayo kama kwamba wameyaona kwa macho. Kisha siku moja hukutana katika dawati moja, na kila mmoja humwogopa, si mwenziwe, bali sanamu aliyochorewa ya mwenziwe. Aliyezamishwa humcheka aliyenyunyiziwa maji, na aliyenyunyiziwa humwita mwenziwe mtu wa dini ya jana. Unapofika msiba, watu wazima nao husimama kaburini wakibishana nani aombe, na wafiwa wakilia. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Wengine, wakiona aibu hiyo, hukimbilia jibu la pili. Husema, "Mungu ni mmoja, mafundisho hayana maana, kila mtu aseme apendavyo." Neno hili lina sura ya upole, lakini ndani yake mna dharau. Kumwambia mtu kwamba jambo analoliamini kwa moyo wote si kitu, si kumheshimu. Mwaka 1529 Martin Luther na Ulrich Zwingli walikutana katika mji wa Marburg, nchi ya Ujerumani, ili kupatanisha mafundisho yao. Waliandika vifungu 15. Katika 14 walipatana. Katika cha 15, juu ya Karamu ya Bwana, lilibaki neno moja: Luther alishika kwamba mwili wa Kristo upo kweli katika mkate, na Zwingli alishika kwamba mkate ni alama ya kumkumbuka Kristo. Neno hilo halikuwa mchezo. Mtu aaminiye kwamba Bwana wake yupo mezani hawezi kuambiwa anyamaze kama kwamba wabishana juu ya rangi ya kitambaa.

Yafaa kutazama vizuri yaliyotendeka Marburg, maana yako mema na mabaya. Jema ni kwamba waliandika wazi palipo upatano na palipo hitilafu, wala hawakudanganyana. Baya ni kwamba Zwingli alitaka washikane mikono kama ndugu, na Luther akakataa. Kifungu kimoja kilifunika vifungu 14. Tangu siku ile makanisa yao yalikwenda njia mbili, na miaka mingi ikapita kila upande ukikumbuka kile kimoja tu.

Kuna habari nyingine iliyo karibu zaidi, ya Afrika ya Mashariki yenyewe. Katika Juni 1913 wajumbe wa misioni za Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Walikuwapo Waanglikana, Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti, na watu wa Africa Inland Mission, pamoja na wengine. Walitaka kufanya shirikisho, ili Mkristo ahamaye kutoka sehemu moja hata nyingine asifukuzwe kama mgeni. Mwisho wa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Karamu ya Bwana ndani ya kanisa la Wascotland, akifuata ibada ya Kianglikana, na wajumbe wengi wa madhehebu mengine wakala pamoja naye. Askofu Willis wa Uganda alikuwa pamoja nao katika jambo hili.

Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston hakukubali hata kidogo. Yeye alikuwa Mwanglikana kama wale wawili, na alikuwa amefanya kazi Unguja tangu mwaka 1898. Aliamini kwamba askofu hupokea kazi yake kwa kuwekewa mikono, mmoja baada ya mmoja, tangu zamani za Mitume. Na kwamba kanisa likiacha jambo hilo limeacha msingi. Kwa hiyo kuwapa Karamu watu wa makanisa yasiyo na maaskofu, kama kwamba hapana hitilafu, kwake ilikuwa ni kusema uongo mezani pa Bwana. Akaandika barua ya wazi, akaichapisha kwa jina lake, na kumtaka Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awahukumu Peel na Willis kwa uzushi. Magazeti ya Uingereza yakajaa habari za Kikuyu. Mwaka 1915 Askofu Mkuu akatoa jibu lake: hakuwahukumu wale wawili kuwa wazushi, wala hakuruhusu Karamu ya namna ile iwe desturi.

Watu wengi husimulia habari hii kana kwamba Weston alikuwa mgomvi tu. Hiyo si haki. Hakunong'ona gizani, wala hakuwatuma watoto wa shule wakawatukane watoto wa Mombasa. Alisema sababu zake kwa maneno yanayoweza kujibiwa, mbele ya watu wenye amri ya kukata shauri. Kosa la pande zote lilikuwa katika kipimo. Watu wa Kikuyu walikwenda mbio, wakala pamoja kabla ya kusemezana vya kutosha juu ya meza yenyewe. Na neno la uzushi, alilolitumia Weston, ni kama moto katika nyasi kavu: alirushaye hawezi kujua litaishia wapi.

Lakini habari haikuishia hapo. Katika Julai 1918 watu walikutana tena Kikuyu, na mara hii Weston alisafiri akaenda mwenyewe. Alisimama mbele ya wale aliowapinga, akawaeleza njia ambayo kwa maoni yake ingeweza kuwaunganisha. Shauri lake halikukubaliwa, maana wengine hawakuweza kupokea fundisho lake juu ya maaskofu. Basi misioni nne zikafanya shirikisho lao kwa kadiri walivyoweza kupatana, bila kanisa moja. Mwaka 1920 maaskofu 252 wa Kianglikana walikutana Lambeth, London, wakatoa wito kwa Wakristo wote watafute umoja. Weston, ambaye wengi walimtazamia kuwa mpinzani, akawa mmoja wa waliousimamia wito ule. Alikufa mwaka 1924 akiwa hajabadili imani yake juu ya maaskofu. Alibadili kitu kimoja tu: mahali pa kusimama aongeapo na wasiopatana naye. Kwanza aliandika akiwa mbali. Baadaye aliketi nao.

Na matunda yakaonekana. Mwaka 1926 shirikisho lile la Kikuyu lilifungua shule ya Alliance, ambamo wavulana wa madhehebu mbalimbali walisoma katika darasa moja. Hapana aliyelazimishwa kuacha kanisa lake kwanza ndipo ajifunze hesabu.

Katika lugha ya Kiswahili liko tunda jingine, nalo limo mikononi mwa watu wa Igawa hata leo. Zamani Biblia za Kiswahili zilikuwa mbalimbali. Iko iliyofasiriwa kwa Kiunguja, iliyokamilika mwaka 1891, na iko ya Mombasa, iliyokamilika mwaka 1914. Mtu wa pwani moja aliposoma ya pwani nyingine alikuta maneno yasiyo ya kwao. Hatimaye watu wa pande mbalimbali waliketi pamoja, wakabishana neno kwa neno, na mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Union Version. Mwanglikana, Mlutheri na Mmoravia husoma katika kitabu hicho kimoja, ijapokuwa hawaelewi kila mstari kwa namna moja. Yafaa kukumbuka kwamba kitabu hicho hakikupatikana kwa kunyamaza. Kilipatikana kwa kubishana mezani.

Si kila jaribio lililofaulu. Katika miaka ya 1960 yalikuwapo mazungumzo ya kuunganisha Waanglikana, Walutheri, Wamoravia na wengine wa Afrika ya Mashariki wawe kanisa moja, nayo hayakuzaa kanisa hilo. Walakini makanisa yaliyoshindwa kuwa moja hayakurudi kuwa maadui. Mwaka 1992 Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki walianzisha Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ili shule na hospitali za pande zote mbili zisaidiane. Na tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko moja juu ya fundisho la mwanadamu kuhesabiwa haki mbele ya Mungu, ambalo ndilo hasa lililowagawanya zamani za Luther. Katika tamko lile waliandika wanayopatana, na kando yake namna ambazo kila upande bado hufundisha kwa njia yake. Bado hawali pamoja mezani pa Bwana. Lakini maneno mabaya ambayo walihukumiana zamani hawayatupii tena mafundisho yaliyoandikwa humo.

Basi mwanafunzi Mkristo afanyeje, yeye ambaye hakualikwa Kikuyu wala Augsburg? Yako mambo manne ambayo hata mtoto wa darasa la sita aweza kuyafanya.

La kwanza, akitaka kujua imani ya mwenziwe, amwulize mwenziwe, asimwulize adui wa mwenziwe. Kisha aieleze imani ile kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mwenziwe akubali na kusema, "Ndivyo." Kabla ya hapo hana ruhusa ya kuipinga, maana hajaijua bado, apinga kivuli.

La pili, apime kwa vipimo sawa. Mwamba ngoma huvutia kwake: mtu hupenda kulinganisha mtakatifu wa kanisa lake na mlevi wa kanisa la jirani. Hiyo ni mizani ya mwizi. Kila kanisa lina watakatifu, na kila kanisa lina walevi.

La tatu, asifiche analoliamini, wala asikasirike mwenziwe akikataa kwa dhamiri. Rafiki akikaa kimya wakati wa Karamu, asiije mezani kwa kuwa kanisa lake halimruhusu, hajatukana mtu. Yeye asemaye "Siwezi" kwa moyo mweupe ameiheshimu meza kuliko yeye alaye bila kufikiri.

La nne, asingojee mafundisho yapatane ndipo amsaidie mtu. Kaburi huchimbwa na mikono ya madhehebu yote, na wafiwa ndio wenye kuchagua nani aombe. Mgonjwa hubebwa kwanza, kisha mazungumzo ya ubatizo yafuate, akipona.

Yapasa kuongeza neno moja la hadhari. Si kila ajiitaye mhubiri ni mwenye hitilafu ya mafundisho tu. Mtu akimkataza mama kumpeleka mtoto mgonjwa hospitali, au akiwanyang'anya maskini fedha kwa kuwaahidi miujiza, hilo si shauri la kusemezana kwa upole. Ni dhuluma, na mtoto alionaye na awaambie wazazi, walimu na wazee. Lakini asimhesabu katika kundi hilo jirani ambaye kosa lake ni kubatiza kwa maji mengi au kwa maji machache.

Mashauri ya ubatizo, ya Karamu na ya maaskofu hayatakatwa na watoto wa Usangu, wala hayatakatwa mwaka huu. Makanisa yamekuwa nayo kwa mamia ya miaka. Lakini mtoto wa Kimoravia wa Igawa aliyeweza kueleza imani ya mwenzake wa Kikatoliki kwa haki, na mwenzake akasema, "Ndivyo," huku kila mmoja akirudi Jumapili katika kanisa lake mwenyewe, amefanya kazi ambayo mpaka wa mwaka 1891 haukuweza kuifanya.